Barua ya wazi: Hesabu ya kupima VVU haiishii kwenye bei ya kitendanishi

Kwa wakurugenzi wa huduma za afya, wakuu wa hospitali na vituo, wasimamizi wa mifuko ya bima, na wote mnaotia saini maombi ya ununuzi.

YAH: GHARAMA ZA KUPIMA VVU KAMA SEHEMU YA HUDUMA ZA KILA SIKU

Waheshimiwa,

Msimu wa bajeti ukifika, swali linaloletwa mezani ni lile lile: kipimo kimoja cha VVU ni kiasi gani? Jibu huwa ni bei ya boksi ikigawanywa kwa idadi ya vipimo vilivyomo, na baada ya hapo kazi yote inakuwa kuishusha namba hiyo. Sisi tunaofanya kazi maabara, kwenye vyumba vya unasihi, stoo na uhasibu wa huduma hizi tunawaomba mbadilishe swali. Ulizeni hivi: mtu mmoja aliyekuwa hajui hali yake, akapimwa, akathibitishwa na akaanza dawa, ametugharimu kiasi gani kwa jumla? Mara nyingi hatua inayoshusha jibu la swali la kwanza ndiyo inayopandisha jibu la swali la pili, na huko ndiko fedha zinakopotea bila mtu kuona.

Kupima kwa utaratibu, yaani mhudumu kumshauri mgonjwa apime bila kusubiri aombe mwenyewe, si jambo geni. Botswana ilianza mwaka 2004. Marekani, kupitia kituo chake cha kudhibiti magonjwa (CDC), ilishauri mwaka 2006 kwamba kila mwenye umri wa miaka 13 hadi 64 apimwe anapofika kwenye huduma za afya, isipokuwa akikataa. Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa mwongozo wake mwaka 2007. Ushauri ule wa Marekani ulikuja na kigezo ambacho wasomaji wengi hukiruka: kituo kiendelee kumpima kila mtu hadi pale kitakapokuwa na ushahidi kwamba wasiogunduliwa miongoni mwa wagonjwa wake ni pungufu ya mmoja kati ya 1,000. Maana yake hoja ya gharama ilikuwemo tangu mwanzo, ila waliipima kwa wanaopatikana.

Tuanze kwa kuivunjavunja gharama ya hicho kipimo "kimoja". Kitendanishi, yaani kifaa chenyewe cha kupimia, ni sehemu moja tu. Kuna glavu, pamba, spiriti, sindano ya kuchoma kidole, mrija mdogo wa kuvutia damu, boksi la vitu vyenye ncha kali na gharama ya kuliteketeza likijaa. Kuna saa ya kuhesabia dakika, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, na ajabu ni kwamba hicho ndicho wanunuzi hukisahau. Kuna rejista na muda wa kuijaza. Kuna sampuli za udhibiti wa ubora, yaani damu au majimaji ambayo majibu yake yanajulikana, za kuhakikisha kwamba vipimo vya leo vinasema kweli. Juu ya hayo yote kuna mshahara wa anayepima, ambao haupungui siku wagonjwa wakiwa wachache.

Vituo vingi vimezoea gharama hizi zikiwa zimegawanyika. Vitendanishi vinatoka kwa mfadhili, mnasihi analipwa na mradi, hospitali inatoa chumba na meza. Kwenye vitabu vya hospitali kipimo kinasomeka kama cha bure. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa mwaka 2025, wanasihi wengi waliokuwa wakilipwa na miradi walikosa kazi, na hapo ndipo baadhi ya viongozi walipoona kwa mara ya kwanza ukubwa wa gharama ambayo haikuwahi kuandikwa popote. Bajeti isiyoonyesha kitu kinachotolewa na mwingine si bajeti ndogo. Ni bajeti yenye shimo.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe, maana maamuzi mabaya mengi yanatokana na kutoifanya.

WHO inataka kila kipimo kinachotumika kiwe na uwezo wa kuwakamata angalau watu 99 kati ya 100 wenye VVU, na kiwaache huru angalau 98 kati ya 100 wasio navyo. Namba ya pili ndiyo yenye mtego. Chukueni watu 10,000 wanaopita kwenye kliniki za kawaida, na tuseme 100 kati yao wana VVU bila kujua. Kipimo cha kwanza kitawakamata 99. Lakini kati ya wale 9,900 wasio na virusi, kipimo chenye kiwango hicho cha chini kinaweza kuwasingizia watu 198. Mbele yenu kuna watu 297 ambao kipimo cha kwanza kimewaitikia, na theluthi mbili yao hawana ugonjwa wowote. Vitendanishi vizuri hufanya vyema kuliko kiwango hiki cha chini, na namba hizo hushuka, lakini hesabu inakwenda vile vile.

Kipimo cha pili, cha aina tofauti, kinafanyiwa wale 297 tu. Kinabakisha watu 98 wenye VVU kweli na takribani 4 waliosingiziwa. Watu 102. Kipimo cha tatu kinafanyiwa hao 102, na waliosingiziwa wanabaki chini ya mmoja. Ndiyo maana mwaka 2019 WHO ilishauri nchi zote zitumie vipimo vitatu mfululizo vilivyoitikia kabla ya kumwambia mtu ana VVU, wakati huko nyuma nchi zenye maambukizi mengi ziliruhusiwa kuishia kwenye viwili.

Kwa nini ilibadilika? Kwa sababu kazi imefanikiwa. Watu wengi wenye VVU sasa wanajua hali zao na wako kwenye dawa, kwa hiyo wanaokuja kupima ni wale waliobaki, na miongoni mwao wenye virusi ni wachache. Rudieni hesabu ile huku wasiogunduliwa wakiwa 20 tu kati ya 10,000. Kipimo cha kwanza kitawaitikia watu kama 220, na wa kweli ni mmoja katika kila 11. Baada ya kipimo cha pili wanabaki 20 wa kweli na 4 wa kusingiziwa. Kituo kinachoishia hapo kitakuwa kinaanzisha dawa za maisha kwa mtu mmoja asiye mgonjwa katika kila sita.

Tunalisema hili kwa urefu kwa sababu kipimo cha tatu ndicho kinachokuwa cha kwanza kufutwa fedha zikipungua. Angalieni kwenye mfano wetu: kwa kila vipimo vya kwanza 10,000, vya tatu vilivyohitajika ni kama 100. Ukikifuta unaokoa asilimia moja ya vitendanishi. Upande wa pili wa mizani kuna watu wasio na VVU watakaomeza vidonge kila siku kwa miaka mingi, watakaopimwa wingi wa virusi kila mwaka, watakaoonwa na daktari, na siku moja watagundua kwamba walikuwa wazima. Hapo bado hatujataja ndoa.

Ni kwa sababu hiyo hiyo mwongozo unataka mtu aliyekutwa na VVU apimwe upya tangu mwanzo kabla ya kuanza dawa, kwa damu mpya, na ikiwezekana na mhudumu mwingine. Marudio haya hayakamati makosa ya kitendanishi peke yake. Yanakamata pia makosa ya mikono: namba zilizobadilishana, vifaa viwili vilivyokaa bega kwa bega mezani bila jina, jibu lililoandikwa kwenye mstari wa mgonjwa wa juu yake. Idadi ya watu wanaohitaji marudio ni ndogo, na dakika zinazotumika ni chache. Hata hivyo yasifanywe yakawa sababu ya kuchelewesha dawa. Siku ile ile mtu aliyethibitishwa anaweza kurudiwa na akaanza.

Kutokana na hesabu hiyo mnaweza kuandaa oda bila kubahatisha. Kwa watu 10,000 wa mfano wa kwanza, kipimo cha kwanza kitahitajika kama mara 10,300: ni wale 10,000, pamoja na takribani 200 ambao kipimo cha kwanza kinarudiwa kwa sababu cha pili kimekataa, na karibu 100 wa kurudiwa kabla ya dawa. Kipimo cha pili ni kama 400. Cha tatu ni kama 200. Juu ya hapo ongezeni vya udhibiti wa ubora, vya mafunzo na vinavyoharibika. Kosa ambalo wanunuzi hulifanya ni kuagiza aina zote tatu kwa kiasi kimoja, au kwa mgawanyo wa zamani ulionakiliwa kutoka oda ya mwaka juzi. Matokeo yake yanafahamika kwa kila mtunza stoo: cha kwanza kinaisha katikati ya robo mwaka, cha pili na cha tatu vinaisha muda wake vikiwa kwenye maboksi ambayo hayajafunguliwa.

Tatizo lina sura nyingine kwenye vituo vidogo. Kituo kinachogundua mtu mmoja au wawili kwa mwezi hakiwezi kumaliza boksi kubwa la kipimo cha tatu kabla ya tarehe yake. Kwa hiyo cha kwanza nunueni kwenye maboksi makubwa, cha pili na cha tatu kwenye maboksi madogo kuliko yote ambayo mtengenezaji anauza, hata kama bei ya kimoja kimoja inaonekana juu. Halafu ruhusuni vituo kuhamishiana vitendanishi kabla havijaisha muda, kwa fomu ya ukurasa mmoja. Mahali pengi uhamisho wa boksi moja unahitaji saini nyingi kuliko ununuzi wa maboksi kumi, basi mtunza stoo anaona heri viishe muda rafuni kuliko kujiingiza kwenye hoja ya ukaguzi.

Jambo jingine la ununuzi: msibadilishe kipimo katikati ya mwaka kwa sababu mzabuni mwingine amekuja na bei ya chini. Vipimo vitatu vya mfululizo huchaguliwa kama timu. Kama cha kwanza na cha pili vimetengenezwa kwa malighafi zinazofanana, vitamsingizia mtu yule yule, na ile hesabu ya kupungua kutoka 198 hadi 4 haitatokea. Kila badiliko linadai uthibitisho wa maabara kuhusu mpangilio mpya, mafunzo ya kila anayepima, na mabango na rejista mpya, maana dakika za kusoma majibu na idadi ya matone hutofautiana kati ya aina na aina. Hayo yote yana bei. Wekeni kwenye mizani bei ya kitendanishi pamoja na bei ya kuhama, ndipo mseme kipi ni rahisi.

Tusogee karibu na meza ya kupimia, kwa sababu upotevu mwingi unatokea hapo na hauonekani kwenye ripoti.

Kwa vipimo vinavyotumia chupa ya bafa, yale maji yanayosukuma damu ipande kwenye kipimo, chupa moja imekadiriwa kutosha idadi ya vipimo vilivyomo ndani ya boksi, na ziada yake ni ndogo. Mhudumu asiyefundishwa vizuri akiona damu haipandi haraka huongeza tone. Siku hiyo hakuna kinachoharibika machoni pake. Mwisho wa boksi ndipo panapobaki vipimo vizima bila bafa, na mtu anaazima bafa ya boksi jingine la toleo jingine, au ya kipimo cha aina nyingine kabisa, jambo ambalo linaweza kutoa jibu la uongo. Kwenye hesabu za stoo hili linaandikwa "pungufu". Tiba yake ni kumshikisha mhudumu chupa wima, si kwa kuilaza, kumwambia adondoshe idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, na kumpa saa ili asiwe na haraka.

Damu nayo ina kipimo chake. Ikiwa kidogo, kipimo kinaweza kumkosa mwenye VVU au mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, usionekane. Ikizidi, uwanja wa kusomea unabaki mwekundu na mistari haisomeki. Mrija wa kuvutia damu wenye alama ndio unaoondoa ubishi, lakini baadhi ya wanunuzi huufuta kwenye oda wakiona ni "kifaa cha ziada". Tone la kwanza lifutwe kwa pamba kavu, na spiriti iachwe ikauke kabla ya kuchoma. Mfuko wa kipimo ufunguliwe mgonjwa akiwa ameshakaa. Ukifunguliwa asubuhi kwa vipimo vyote vya siku, unyevunyevu wa hewa unavila taratibu. Hifadhi ya vipimo vingi ni nyuzijoto 2 hadi 30, kwa hiyo stoo yenye dari la bati isiyo na hewa inaharibu mali bila kuacha alama yoyote juu ya boksi. Kipimajoto cha ukutani na daftari la kuandika mara mbili kwa siku vinatosha kuanzia.

Kusoma majibu kuna kanuni tatu tu, na zote huvunjwa. Msome ndani ya dakika zilizotajwa: kabla ya hapo mstari unaweza kuwa haujatokea, baada ya hapo kivuli kinaweza kutokea kwa mtu asiye na VVU. Mstari hafifu ni mstari. Hakuna "nusu chanya", mtu anaendelea na kipimo kinachofuata. Na kama mstari wa udhibiti haukutokea, jibu halipo, hata ule mwingine ukiwaka vipi. Rudia kwa kipimo kipya. Vilivyoharibika viandikwe, maana vikipanda ghafla vinaashiria tatizo la toleo, la stoo au la mkono wa mtu fulani, na tatizo la kila namna linatibiwa kwa gharama tofauti.

Majibu yakigongana, kipimo cha tatu kisitumike kama mwamuzi wa kura mbili kwa moja. Huu ni ugonjwa wa zamani na bado tunaukuta. Kama cha kwanza kimeitikia na cha pili kimekataa, rudia cha kwanza: kikikataa safari hii, mtu ni hasi, kikiitikia tena, jibu halijapatikana na arudi baada ya siku 14. Vivyo hivyo kama viwili vya kwanza vimeitikia na cha tatu kimekataa: siku 14. Gharama ya kumrudisha mtu mmoja baada ya wiki mbili ni ndogo mno kulinganisha na kumbandika jibu la kukisia.

Muda wa watu ndio unaokula zaidi pale wagonjwa wanapokuwa wachache, na ndio unaoweza kupunguzwa bila kumuumiza mtu. Unasihi mrefu wa mmoja mmoja kabla ya kupima hautakiwi tena na miongozo ya WHO. Maelezo mafupi yanatosha, na yanaweza kutolewa kwa kundi lililokaa kwenye foleni. Ridhaa ndiyo isiyoweza kuchukuliwa kwa kundi. Kila mtu aulizwe peke yake, faraghani, na ajue kwamba akikataa atatibiwa malaria yake au kidonda chake kama kawaida. Kupima kwa utaratibu si kupima kwa lazima, na kituo kinachochanganya haya mawili kitalipia kwa wagonjwa kutokurudi. Muda uliookolewa kabla ya kipimo upelekwe baada ya kipimo, kwa yule aliyekutwa na VVU. Yeye ndiye anayehitaji nusu saa ya mtu asiyeangalia saa.

Tangu mwaka 2015 WHO imeshauri pia kwamba wahudumu wasio na taaluma ya afya, wakifundishwa na kusimamiwa, wapime kwa vipimo vya haraka. Pale ambapo sheria au chama cha taaluma bado kinasema ni fundi wa maabara pekee, mnalipa mshahara wa juu kwa kazi inayoweza kufanywa na mwingine, huku darubini na mashine za fundi huyo zikimsubiri.

Nani apimwe? Hapa tunajua tunagusa pabaya, maana kuna wanaosema kila mtu na kuna wanaosema waulizwe maswali kwanza. Msimamo wetu ni huu. Kliniki ya wajawazito, kifua kikuu na magonjwa ya zinaa: kila mtu, popote duniani, bila mjadala wa bajeti. Bila kinga yoyote, mama mwenye VVU humwambukiza mtoto katika mimba, kujifungua au kunyonyesha kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 45; kwa dawa, kiwango kinashuka chini ya asilimia 5. Kwa wajawazito tumieni kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende: damu moja, kifaa kimoja, mhudumu mmoja, magonjwa mawili. Kisitumike kwa mama anayejulikana ana VVU, wala aliyewahi kutibiwa kaswende, maana upande wa kaswende huendelea kuitikia hata baada ya kupona. Watoto wa chini ya miezi 18 wana kingamwili za mama, na hizo ndizo kipimo cha haraka hutafuta, hivyo hakiwezi kuwathibitisha. Wao wanahitaji kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, na bajeti yake ni ya peke yake.

Wodini na kwa wagonjwa wa nje, pale maambukizi yalipo mengi, mpimeni kila asiyejua hali yake. Pale yalipo machache, fuateni dalili: mkanda wa jeshi, fangasi za mdomoni, kuharisha kusikokoma, kupungua uzito bila sababu, saratani ya mlango wa kizazi, homa ya ini, mtoto mwenye utapiamlo mkali. Mgonjwa mwenye mojawapo ya hizi akitoka hospitalini bila kupimwa, hiyo ni hasara, hata kama takwimu ya mwezi inaonyesha maelfu wamepimwa. Wenzi wa waliogunduliwa nao wafikiwe, kwa hiari ya mgonjwa na baada ya kuulizwa kama kuna hatari ya kupigwa. Kwenye kundi hili wanaopatikana kwa kila vipimo 100 huwa wengi kuliko kwenye foleni ya jumla.

Kuna makundi mawili yanayokula vitendanishi bila faida. La kwanza ni watu wanaopimwa tena na tena kwa hofu ya dirisha la matazamio, yaani muda wa mwanzo ambao maambukizi hayajaonekana kwenye kipimo, wakati hawana hatari mpya. Wengi wa waliokutwa hasi hawahitaji tarehe ya kurudi. Anayehitaji ni mwenye hatari inayoendelea, aliyepata tukio la karibuni, na mjamzito au anayenyonyesha kwenye maeneo yenye maambukizi mengi. La pili ni watu walio tayari kwenye dawa. Huja kupima kwa sababu wamehamia bila kadi, au kwa matumaini kwamba wamepona. Hao humaliza vipimo vyote vitatu kila wanapokuja, huvuruga takwimu za wagonjwa wapya, na hatari kubwa ni kwamba mtu aliye kwenye dawa anaweza kupata jibu hasi la uongo kisha akaziacha. Swali moja la upole kabla ya kuchoma kidole, "umewahi kupima, na uliambiwaje?", huokoa vingi. Lakini litajibiwa kwa ukweli pale tu ambapo mlango unafungwa. Chumba chenye pazia hakijibiwi ukweli.

Sasa ada. Kumtoza mgonjwa kwa kipimo ambacho hakukiomba ni njia ya uhakika ya kumfanya akatae. Mbaya zaidi ni utaratibu wa kutoa kipimo cha kwanza bure halafu kumtuma dirisha la malipo kwa ajili ya kuthibitisha. Mtu ameambiwa tu kwamba kipimo kimeitikia, amekunjamana, na hatua inayofuata ni foleni ya keshia. Wengine hutokea mlango wa nyuma. Hapo kituo kimelipia sehemu kubwa ya kazi ya kumtafuta na kimempoteza kwenye mita za mwisho. Hasara ni ile ile pale sampuli inapotumwa maabara ya mbali na mgonjwa kuambiwa arudi wiki ijayo. Vipimo vyote vitatu vifanyike hapo hapo, siku hiyo hiyo.

Kwenu wa bima: angalieni taarifa mnazowatumia wenye kadi. Mke, kijana au mwajiriwa aliyepima anaweza kuwa ametumia kadi ambayo taarifa zake zinamfikia mume, mzazi au ofisi. Mstari mmoja uliotaja VVU unavunja siri ambayo mhudumu aliilinda kwa bidii. Kipimo hiki kiwekwe ndani ya malipo ya jumla ya hudhurio, kisihitaji kibali cha awali, na kisitajwe kwa jina kwenye nakala ya mteja. Keshia wa hospitali naye asikitaje kwa sauti.

Kuhusu gharama ya kutopima tutasema kidogo, maana mnaijua kutoka wodini. Mtu mzima anayegunduliwa akiwa na CD4 (chembe za kinga ya mwili) chini ya 200 anahitaji kuchunguzwa kifua kikuu na fangasi ya ubongo, mara nyingi analazwa, na vifo ni vingi. Aliyegunduliwa mapema huanza vidonge akiwa anatembea kwa miguu yake. Utafiti wa HPTN 052, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Faida hiyo ya mwenza haionekani kwenye kasma ya vitendanishi, na ndiyo maana mtu wa ununuzi peke yake asiachiwe uamuzi.

Tunachoomba kwenye bajeti ijayo ni haya. Kila kituo kiripoti kwa robo mwaka namba sita: waliopimwa, waliokutwa na VVU kwa mara ya kwanza, walioanza dawa, vipimo vilivyotumika kwa kila aina, vilivyoharibika au kuisha muda, na siku ambazo aina yoyote kati ya tatu haikuwepo stoo. Pembeni ya namba hizo iandikwe gharama yote, ikiwemo inayolipwa na mfadhili, na anayeilipa. Gawanyeni jumla hiyo kwa walioanza dawa. Vituo ambavyo jibu lake liko juu mno visikatiwe fungu kabla hamjajua sababu, kwani inaweza kuwa wapimaji hawana kazi ya kutosha, inaweza kuwa wanawapima wale wale kila mwezi, na inaweza pia kuwa wagonjwa wanaogunduliwa hawafiki chumba cha dawa kilicho jengo la pili. Kifungu cha udhibiti wa ubora kiwe na mstari wake kisichukuliwe kujazia mafuta ya gari. Na kabla hata bajeti haijapitishwa, kwa waraka wa ndani unaoweza kutoka wiki hii, futeni ada ya kipimo cha pili na cha tatu.

Wenu katika kazi,

Wapimaji, wanasihi, watunza stoo na wahasibu wa huduma za VVU